Meta Ishirini na Nane za Mtaa wa Jules

Mtu akivunjika mguu ugenini, huvunjikia na wengine. Othmani, Mrundi wa makamo aliyeuza mikanda ya suruali kando ya Mtaa wa Jules, Malvern, Johannesburg, alibanwa na lori kwenye nguzo ya taa asubuhi ya siku ya kazi, mbele ya meza yake mwenyewe. Kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imefika kitongoji cha La Rochelle, imerudi katikati ya mji, na imepanda ngazi za jengo kuukuu ambalo ghorofa yake moja ilikodishwa kuwa kanisa. Mguu wa kulia ulikuwa umevunjika chini na juu ya goti. Mkewe na watoto walikula kwa mikanda ile. Dereva wa lori, ambaye kila aliyesikia habari alitamani awe mtu asiyemjua, alikuwa Thierry wa Uvira, mwanachama mwenzake katika Chama cha Watu wa Ziwa.

Chama hicho kiliwakusanya watu wa kando mbili za Ziwa Tanganyika, Wakongo na Warundi, Wakristo wengi na Waislamu wachache, nacho kilikuwa na desturi iliyoshikwa kwa ukali: jambo la mwanachama na mwanachama halifikishwi polisi kabla halijaketiwa. Wengi wao vibali vyao vilikuwa vimekwisha muda, na mwenye kwenda kushtaki aliweza kuwa wa kwanza kuulizwa maswali. Ajali isiyo na kosa ilibebwa na wote. Ajali yenye kosa ilibebwa na mkosaji peke yake, hata aliyeumia asimame tena kwa miguu yake na kufanya kazi.

Jumapili, baada ya ibada, viti vya plastiki viligeuzwa kukabili meza ya mwenyekiti. Huyu alikuwa Papa Balthazar, mzee mkavu wa maneno ambaye siku sita alifungua na kufunga lango la ghala la mtu mwingine, na siku ya saba aliamua mashauri ya watu. Alimwuliza Thierry swali moja tu, kwamba alikuwa akienda kwa mwendo gani.

"Arobaini, Papa. Sheria ya barabara ile ni sitini. Mimi nilikuwa arobaini."

Luqman, mdogo wake Othmani, akasema kwa upole uliotisha kuliko kelele kwamba yeye amekwenda kuziangalia alama za tairi kwenye lami, nazo ni ndefu kama reli. Thierry akajibu kuwa lori lilikuwa limejaa unga wa mahindi hadi kwenye turubali, na kila dereva anajua kwamba mzigo husukuma. Papa Ruphin, aliyeendesha malori makubwa kwao mpaka mgongo ulipomkataza, akamuunga mkono.

"Lori tupu ni mbwa," akasema. "Ukiliita, linatii. Lori lenye mzigo ni ng'ombe. Linasimama linapotaka lenyewe."

Watu wakacheka, na katika kicheko hicho Thierry akaona mlango umefunguka. Alikuwa mtu wa kupendwa, mwepesi wa kusaidia kuhamisha vitanda na maiti, tena mwenye kujiamini. Akasema kwamba maneno yatawachosha bure, kwa kuwa mke wake alifundisha fizikia katika sekondari ya masista kule Uvira. Aende akapime alama zile, autie mzigo wote katika hesabu, kisha aje aandike ubaoni mbele ya kila mtu.

"Hesabu haina shemeji," akamaliza.

"Haina," Luqman akasema. "Lakini anayeipiga ana mume."

Kicheko safari hii kilikuwa kifupi. Papa Balthazar akamwuliza kama anamkataa mpimaji. Luqman akageuka, akautazama mstari wa mwisho wa viti, alipoketi mwanamke mwembamba mwenye kilemba cha kijivu, mikono yake imelala mapajani.

"Simkatai. Huyu ndiye fundi pekee wa nguo katika Johannesburg anayekurudishia vipande vya kitambaa vilivyobaki. Apime."

Basi ikaamuliwa hivyo. Mwanamke yule, Victoire, aliitwa na wote Mwalimu. Walimwita hivyo kwa heshima, na pia kwa sababu nyingine ambayo watu waungwana hawakuitamka: hakuwa na mtoto ambaye wangemwita kwa jina lake. Tangu alipofika katika mji huu hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza neno lolote alilofundisha. Aliposhuka ngazi jioni ile akishika ukuta, aliona haya kugundua kwamba, katikati ya maumivu ya mtu mwingine, moyo wake ulikuwa na furaha.

Chumba chao kilikuwa nyuma ya nyumba ya Mreno mmoja mzee huko La Rochelle, chenye mlango wa bati na dirisha moja ambalo chini yake palikaa cherehani. Juma lile Thierry alichangamka. Tajiri wake, mwenye duka la jumla mjini, alikuwa amemwondoa katika usukani mpaka shauri limalizike, hivyo alishinda nyumbani. Alinunua chaki mpya. Aliwaambia majirani kwamba mke wake atawafundisha wazee Jumapili. Alikaa kitandani akimtazama Victoire akishona, akamtajia uzito wa magunia ili asije akasahau hata moja.

"Magunia hayatakusaidia, Thierry," akamwambia, bila kuondoa mguu kwenye cherehani.

"Hayatanisaidia vipi? Lori tupu na lori lililojaa ni sawa?"

"Kwa alama za tairi, ni sawa."

Thierry alimtazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyesema kwamba mvua hutoka ardhini. Kisha akacheka, akamshika bega. "Vivi, wewe hujapata kushika hata baiskeli yenye mzigo."

Victoire aliweza kumweleza. Aliwahi kuwaeleza wasichana arobaini waliosinzia baada ya chakula cha mchana, nao wakaelewa. Lakini Thierry alikwisha kurudi kwenye simu yake, akicheka na mtu wa Durban. Kuna upweke wa namna yake katika kujua jambo ndani ya nyumba ambayo haitaki kulijua, bali inataka jibu tu, tena jibu ambalo imekwisha kulichagua.

Alikwenda Malvern peke yake. Alama zilikuwa bado zipo: mistari miwili myeusi iliyoanza mara baada ya robot, taa zile za kuongozea magari, ikaenda sawasawa, ikapinda kidogo kuelekea kando, ikaishia kwenye nguzo. Meza ya Othmani ilikuwa imelazwa kifudifudi na kufungwa kamba. Kwa kuwa katika mtaa ule magari hufuata upande mmoja tu, Victoire alisubiri robot iyazuie, akaingia barabarani, akaulaza utepe wake wa ushonaji juu ya lami, akatia alama ya chaki, akarudi kando magari yalipoachiwa, akasubiri tena. Alipigiwa honi. Kijana mmoja alitoa kichwa dirishani akamwuliza kwa Kizulu kama amepotewa na sindano. Mlinzi wa duka la samani alimwamuru aondoke, kisha akamwacha, baada ya kumtazama vizuri na kuona kwamba ni mtu mzima aliyevaa vizuri ambaye pengine amerukwa na akili.

Mwanamke aliyeuza nyanya jirani na nguzo, Mkongo wa Lubumbashi aitwaye Héritière, alikuwa akimfuata kwa macho tangu mwanzo.

"Eish, mama," akasema kwa Kiswahili chao, "barabara unaipimia suruali? Itakula kitambaa hiyo."

Victoire akacheka mpaka akaketi juu ya kreti. Héritière akampa nyanya, akaifuta kwanza kwa kanga, akiomba radhi kwamba haijaoshwa. Akalalamika kwamba Malvern yote ilikaa bila maji kwa muda mrefu, mabomba yalitoa upepo tu, maji yamerudi jana. Siku ile ya Othmani, akasema, damu yake waliiosha kwa maji ya chupa waliyonunua dukani, na mwenye duka hakuwapunguzia.

Victoire akamshukuru, akarudi kumaliza kipimo chake. Kutoka pale weusi ulipoanzia mpaka kwenye nguzo zilikuwa meta ishirini na nane.

Alipiga hesabu mezani pake, juu ya karatasi ya kukatia mitindo, jua likiwa bado halijaondoka dirishani. Lori linalokwenda lina nishati ya mwendo, nayo ni nusu ya tungamo lake, mara kasi, mara kasi tena. Likifunga breki na magurudumu yakagoma, nishati ile yote lazima iliwe na msuguano wa tairi na lami, kidogo kidogo, katika urefu wote wa alama. Msuguano nao hutokana na uzito wa lori, ukizidishwa kwa kipimo cha barabara yenyewe, kama ni kavu au inateleza. Upande mmoja wa mlinganyo mna tungamo, na upande wa pili mna tungamo lilelile. Yanafutana. Aliyafuta kwa mistari miwili midogo, jinsi alivyozoea, na magunia yote ya unga yakatoka katika shauri la Othmani.

Kilichobaki kilikuwa kidogo. Mara mbili sufuri nukta saba, kipimo cha lami kavu. Mara tisa nukta nane, mvuto wa dunia. Mara ishirini na nane. Alitafuta kipeuo cha pili. Kilikuja kamili, bila masalio, jinsi majibu ya mtihani yanavyokuja: meta kumi na tisa nukta sita kwa sekunde. Akazigeuza kuwa kilometa kwa saa, akaiweka kalamu chini.

Thierry alisoma jibu akiwa amesimama nyuma yake.

"Sabini?"

"Sabini na nusu. Wala haipungui hapo. Lori lilipofika kwenye nguzo bado lilikuwa na nguvu, maana lilimvunja mtu."

"Umeyaweka magunia?"

Akamwonyesha yalipofutwa. Akamweleza pole pole kwamba mzigo huliongezea lori nishati, na mzigo huohuo hulikandamiza lori barabarani, tairi zikashika zaidi kwa kadiri ileile. Thierry hakubisha. Hakuwa mjinga, na aliposikiliza alielewa upesi kuliko wengi; hilo ndilo lililomfanya anyamaze. Kisha akainama, akaweka kidole juu ya karatasi.

"Hii nukta saba umeitoa wapi?"

"Ni ya lami kavu."

"Na ikiwa na maji?"

"Nukta tano, kwa kukadiria."

"Piga."

Mkono wa mwalimu ulitii kabla ya moyo wa mke kuuliza kwa nini. Aliandika nukta tano mahali pa nukta saba, akazidisha, akatafuta kipeuo, akageuza. Hamsini na tisa na kitu. Thierry akaketi kitandani, akapangusa uso kwa viganja vyote viwili.

"Chini ya sitini," akasema. "Ndani ya sheria. Bomba lilikuwa limepasuka siku ile, Vivi. Barabara ilikuwa maji matupu. Nilisema arobaini kwa hofu, watanisamehe hilo."

"Malvern haikuwa na maji. Damu ya Othmani waliiosha kwa maji ya chupa."

Nje mke wa Mreno alikuwa akimwita mbwa wake. Walimsikiliza wote wawili mpaka mbwa akaja.

"Pale chamani," Thierry akasema, "ni nani aijuaye nukta saba? Papa Balthazar? Luqman?"

"Hakuna."

"Ni wewe tu."

"Ni mimi."

"Na katika mji huu wote, Vivi, una nani?"

Jibu la swali hilo lilikuwa limeketi mbele yake, limevaa fulana aliyoishona yeye.

Siku zilizofuata Thierry hakuigusa tena habari ile. Laiti angeigusa. Badala yake alikuwa mwema. Alitwanga sombe, majani ya muhogo, akaipika mwenyewe, akamletea chai mezani pa cherehani, akamwita kwa jina lake la nyumbani mbele ya majirani. Ijumaa alimpigia pasi gauni la kitenge ambalo angevaa Jumapili, akaitoa mikunjo ya mabega kwa uangalifu ambao hakuwa ameuonyesha tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Victoire alitazama pasi ikienda na kurudi, akatamani apigwe kelele. Kwa kelele angejua la kufanya.

Alijaribu kuona mambo jinsi mtu mwingine angeyaona. Othmani angesaidiwa kwa vyovyote. Tofauti ilikuwa katika nani atakayebeba. Wengi wakibeba, mzigo ungekuwa mwepesi. Hakuna ambaye angekufa kwa nukta tano. Fikra hizo zilikuwa laini, na kila zilipomjia alizifuata hatua kadhaa kabla ya kukumbuka Héritière akifuta nyanya. Katika mlinganyo mzima kulikuwa na namba moja tu isiyoweza kuonwa na jicho la mtu yeyote katika ukumbi ule isipokuwa lake. Mtu anaweza kuishi miaka mingi akiwa mwaminifu kwa sababu watu wanamtazama. Asipotazamwa na yeyote, ndipo hukutana na nafsi yake, na mkutano huo hauna mashahidi.

Alitaka sana kumwuliza mtu. Alipitia majina katika simu yake, la kwanza hadi la mwisho. Yote yalikuwa ya wateja.

Jumapili ubao uliegemezwa kwenye mimbari. Ukumbi ulijaa, hata wasio wanachama walisimama mlangoni. Othmani aliletwa kwa kiti cha magurudumu cha kuazima, akapandishwa ngazi na vijana wanne, mguu wake umenyooshwa mbele kama kitu ambacho si chake. Alimsalimia Victoire kwa kichwa. Thierry aliketi mstari wa mbele, ameweka mikono magotini, na alipomwona mkewe anaishika chaki alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliye upande wako.

Aliandika kwa mwandiko wa wima aliofundishwa na masista. Sauti yake ilianza chini, kisha ikapata kimo chake cha zamani. Alieleza nishati ya mwendo. Akasema kwamba kasi ikizidishwa mara mbili, nishati huzidi mara nne, na alama nazo hurefuka mara nne. Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akaguna kwa kuelewa. Alipoufikia mzigo na kuufuta, Papa Ruphin alisimama.

"Mwalimu, na ng'ombe wangu?"

"Ng'ombe mzito ana mbio nzito, Papa. Lakini kwato zake nazo zinakanyaga kwa nguvu zaidi. Dereva akifunga breki mpaka magurudumu yasimame, mbwa na ng'ombe wanateleza mahali pamoja."

Wakacheka, na Papa Ruphin mwenyewe akacheka, ingawa hakuketi mara moja. Ndipo Papa Balthazar akaweka kidole juu ya herufi ambayo Victoire aliiacha bila namba, akauliza ile ni nini.

"Ni hali ya barabara, Papa. Kama ilikuwa kavu au ilikuwa na maji."

"Na ilikuwa vipi?"

Thierry hakutikisika. Aliinua macho tu, na macho hayo hayakuwa na hasira wala kitisho. Yalikuwa yanamwomba, mbele ya watu wote, kwa lugha ambayo ukumbi ule haukuijua isipokuwa wao wawili. Victoire aliyatazama kwa kadiri alivyoweza. Kisha aliugeukia ubao.

"Ilikuwa kavu," akasema, akaandika nukta saba.

Alimaliza hesabu iliyobaki akiwa amewapa mgongo, na alipoweka mstari chini ya jibu hakuna aliyehitaji kuelezwa. Papa Balthazar hakupandisha sauti. Alimwuliza Thierry kama ana neno. Thierry akasema hana. Basi mzee akatoa uamuzi: kila siku ya kazi Thierry atasimama mezani pa Othmani, atauza mikanda ya Othmani, na kitakachopatikana kitapelekwa mkononi mwa mke wa Othmani, mpaka mwenye meza atakaporudi kwa miguu yake. Thierry akainamisha kichwa, akaitikia kwamba amesikia.

Ngazini wanawake walimpisha Victoire kama mtu aliyebeba sufuria ya moto. Luqman alimwambia ahsante, Mwalimu, na ahsante hiyo ilimwuma kuliko tusi. Nyuma yake alimsikia Papa Ruphin akiwaambia wenzake, bila kujali kama atasikiwa, kwamba kumbe fundi yule hurudisha kila kitu: hata mume ameshamrudisha, kipande kwa kipande.

Thierry alitii. Tajiri wake alimpa dereva mwingine lori, wala hakubishana. Kila asubuhi alitoka kabla ya Victoire kumaliza kuchemsha maji, na jioni alirudi, akala, akasema chakula kilikuwa kizuri, akalala ameuelekea ukuta. Aliomba chumvi. Alitaja kwamba mvua inakuja. Hakumtukana wala hakumlaumu, na jina la nyumbani alilomwita halikusikika tena katika chumba kile. Victoire alishona. Wanawake wawili wa chama waliokuwa wamemletea vitambaa vya arusi walituma watoto kuvichukua, wakasema shughuli imeahirishwa. Akavirudisha, na vipande vyake.

Wakati mwingine, mchana, alijikuta akisema kwa sauti, akiieleza cherehani jambo fulani, kisha akanyamaza kwa haya.

Baridi ilikuwa imeanza kuingia mjini siku alipokwenda Malvern kumpelekea mteja sketi. Angeweza kushukia mbali na kuzunguka. Alijiambia kwamba atapita ng'ambo ya barabara, na akajikuta yupo upande uleule wa nguzo. Alimwona kabla hajaonwa. Thierry alikuwa amevaa koti la zamani la Othmani, mikanda imening'inia mkononi mwake, akiwaita wapita njia kwa sauti ya uchangamfu isiyofika machoni. Héritière hakuwapo; kreti zake zilikuwa zimefunikwa.

Alipomwona, sauti haikubadilika.

"Karibu, mama. Kuangalia hakuna bei."

Ndivyo alivyomwambia kila mtu. Victoire akasimama mbele ya meza kama walivyosimama wengine, akagusa mkanda mmoja, akaugeuza kuangalia mshono wake kwa mazoea ya kazi. Magari yaliachiwa na robot, yakapita kwa mlio ambao mtu aliyeketi ndani ya gari hausikii. Kutoka pale alipo muuzaji yalionekana yanakuja moja kwa moja mezani. Thierry alirudi nyuma hatua moja, bila kujua kwamba amerudi. Ilionekana kwamba mwili wake ulikwisha kujifunza kufanya hivyo kila mara. Yalipokwisha kupita akabaki akiitazama lami, ambapo weusi wa tairi ulikuwa umefifia ukawa kama kivuli.

"Mwalimu," akasema. Hakuwa amepata kumwita hivyo. "Kama ningekuja na sitini."

Hakuhitaji kulimaliza swali. Victoire alifumba macho, akapiga hesabu kichwani kwa uangalifu, akairudia kwa sababu alitamani awe amekosea.

"Meta ishirini na kidogo."

"Ni wapi hapo?"

Akamwonyesha: usawa wa mlango wa fundi wa simu, kabla ya mfuniko wa mtaro. Kati ya mlango ule na meza mtu angeweza kulaza kitanda, na kingine, na kingine, na bado pangebaki nafasi ya kupita. Thierry aliutazama mlango. Midomo yake ilisogea kabla ya maneno kutoka.

"Nilitaka kuiwahi robot," akasema. "Hakukuwa na lolote jingine. Ilikuwa inataka kufunga, nikataka kuiwahi; ikanifungia nikiwa juu yake, nikakanyaga breki."

Victoire alijua kwamba hiyo ndiyo hesabu nzima, na kwamba imemchukua majira yote kuifikia. Thierry aliiweka mikanda juu ya meza, akatoka nyuma yake, akatembea ukingoni mwa barabara mpaka mlango wa fundi wa simu. Akasimama pale, mikono imening'inia, uso ameuelekeza kwenye nguzo.

Mzee mmoja mwenye kofia ya sufi akasimama mezani, akachagua mkanda wa kahawia, akaupima kiunoni, akauliza bei. Victoire hakuijua. Alimwomba asubiri, muuzaji yuko pale. Mzee akafuata kidole chake, akamwona mtu yule aliyesimama peke yake ukingoni, magari yakipita karibu na bega lake, akauliza kama kweli anakuja.

"Anakuja," Victoire akasema, akauchukua mkanda kutoka mikononi mwa mzee na kuushikilia.